Mama ni Fatma Khamis, tiketi inasema Fatuma Hamisi

Majina katika barua hii yamebadilishwa kwa ombi la mwandishi. Makosa ya herufi tumeyaacha yalivyo.

Shikamoo Shangazi,

Naandika saa tano usiku. Watoto wamelala, na mama yangu yuko chumba cha pili anapanga sanduku lake kwa mara ya tatu wiki hii. Hilo ndilo linaloniumiza, kwa sababu sijamwambia.

Mdogo wangu ameolewa Muscat. Ana mimba yake ya kwanza na anatarajia kujifungua mwisho wa mwezi. Mama ndiye wa kwenda kumlea mzazi, akae naye mpaka arobaini iishe. Tuko wanne kwa mama, tumechanga miezi mitano hadi tukafikisha shilingi 1,480,000 za tiketi ya kwenda na kurudi. Mimi nauza vitenge na madera Mbagala Rangi Tatu, na nikapewa mimi jukumu la kumalizana na wakala kwa kuwa ofisi yake haiko mbali na ninapochukulia mzigo Kariakoo.

Siku ya kulipa nilikuwa na wateja wamejaa. Hela nikamrushia kwa simu, na majina nikamtumia kwa sauti kwenye WhatsApp. Nikasema: andika Fatuma Hamisi, kazaliwa tarehe hii, namba ya pasi ni hii. Shangazi, mtaani kwetu mama ni Bi Fatuma. Daftari lake la kikoba limeandikwa Fatuma Hamisi. Lakini mama ni Mpemba wa Wete, alikuja Dar es Salaam akiwa mke wa mtu tayari, na kwenye pasi yake ni Fatma Khamis Haji. Pale penye jina la ukoo wameandika HAJI, ambaye ni babu yake, na FATMA KHAMIS yako mstari mwingine.

Tiketi ililetwa siku ileile. Nikaangalia tarehe, nikaangalia saa ya ndege, nikaangalia kilo za mizigo. Jina sikuliangalia. Juzi viza ilipotoka, shemeji akaituma, nikaona imeandikwa sawasawa na pasi. Nikazipanga karatasi zote pamoja kwenye faili ili mama asihangaike nazo, ndipo macho yakagonga kwenye tiketi: HAMISI/FATUMAMRS. Hata hilo neno FATUMAMRS sijui ni nini. Hakuna mtu duniani anayeitwa hivyo.

Zimebaki siku kumi na moja. Nilimpigia wakala, akaniambia, "Dada usijipe presha, watu wanapita kila siku, pale wanaangalia picha tu." Nilipomng'ang'ania akageuka, akasema kubadili jina haiwezekani kabisa, kama naogopa ninunue tiketi nyingine. Kaka yangu anasema twende kwa wakili tukaape kiapo kwamba Fatuma Hamisi na Fatma Khamis Haji ni mtu mmoja, kama tulivyofanya benki wakati wa mirathi ya baba. Shemeji yangu wa hapa Dar anasema rahisi zaidi ni kubadilisha pasi ilingane na tiketi. Na safari yenyewe ina kubadilisha ndege njiani, kipande cha pili ni cha shirika lingine, na mama hajawahi kupanda ndege maishani mwake.

Nilijaribu kumdokeza habari ya jina, akanikatisha: "Jina langu lina kosa gani? Mimi ni Fatuma tangu nyinyi hamjazaliwa." Nikanyamaza.

Wakala akiwa anasema kweli, nitulie? Na kama si kweli, nianzie wapi? Hela ya tiketi nyingine hatuna.

Ni mimi binti yake, Mbagala

*

Marahaba mwanangu,

Usitulie. Na usinunue tiketi nyingine, angalau si sasa. Siku kumi na moja zinatosha kulimaliza jambo hili ukianza kesho asubuhi. Ukingoja wiki ipite, utajikuta unalimalizia kaunta, na kaunta si mahali pa kulimalizia.

Nasema hivyo kwa sababu kabla ya kushika kalamu nilifanya kazi miaka kumi na moja nyuma ya kaunta ya kuandikisha abiria uwanja wa ndege. Nikueleze kinachotokea pale mtu anapokukabidhi pasi. Unaifungua ukurasa wa picha na kuipitisha kwenye mashine ya kusomea. Jina halichukuliwi kwenye picha. Linachukuliwa kwenye ile mistari miwili ya chini kabisa, yenye herufi kubwa na alama nyingi za <, ambayo wengi wetu tunaidhani ni mapambo. Kila mstari una nafasi 44. Chukua pasi ya mama uangalie wa juu: unaanza na herufi P, kuna TZA ya Tanzania, kisha HAJI<<FATMA<KHAMIS na vialama vinavyojaza mpaka mwisho. Zile alama mbili << ndizo zinazotenga jina la ukoo na majina mengine. Mpangilio huu ni wa dunia nzima. Uliwekwa na shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, katika waraka wake namba 9303 uliotoka mara ya kwanza mwaka 1980, na pasi zisizo na mistari hiyo ziliwekewa mwisho wa matumizi tarehe 24 Novemba 2015. Pasi yetu ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, inafuata mpangilio huohuo.

Kwa hiyo mhudumu atakayempokea mama ataona HAJI upande wa pasi na HAMISI upande wa tiketi. Mimi na wewe tunajua kwamba Hamisi na Khamis ni jina lilelile la mtoto wa Alhamisi, bara wanalitamka hivi na visiwani vile. Mashine haijui. Mhudumu anaweza kujua, hasa akiwa Mswahili mwenzetu, lakini mikono yake imefungwa. Taarifa za abiria hutumwa mbele, nchi anakokwenda, kabla hajafika. Abiria akikataliwa kule kwa sababu ya hati zake, shirika lililomleta ndilo linalolazimika kumrudisha, na nchi nyingi huliongezea faini. Mhudumu aliyempitisha ataitwa ajieleze.

Wakala wako hakutunga alipokwambia watu wanapita. Wanapita kweli, na mimi mwenyewe nimewapitisha wengi wenye herufi moja iliyozidi au kupungua, baada ya kumwita msimamizi. Ila wakala huwaona waliopita, maana hao hurudi kwake mwaka unaofuata kukata nyingine. Waliobaki uwanjani na masanduku yao hakuwepo kuwaona. Nilikuwepo mimi.

Kuna mzee mmoja sijamsahau. Alikuja akiwa na kanzu mpya, pasi yake ameifungia kwenye mfuko wa nailoni na kuuzungushia mpira. Mwanawe aliyeko ng'ambo alimkatia tiketi mwenyewe kwenye intaneti, na kwenye jina la kwanza akaandika BABU, kama alivyomhifadhi kwenye simu. Jina la ukoo lilikuwa sahihi, tarehe ya kuzaliwa ilikuwa sahihi. Nikamwita msimamizi. Msimamizi akapiga simu makao makuu ya shirika, huko ni usiku wa manane, aliyepokea akasema kosa la namna hiyo husahihishwa na ofisi iliyouza tiketi, nayo inafunguliwa asubuhi. Kaunta yetu ilifungwa saa moja kamili kabla ya ndege kuondoka, nami nikamrudishia pasi yake kwa mikono miwili. Akakaa juu ya sanduku lake palepale mbele yangu, boksi la halua mapajani, akaniuliza, "Kwani mwanangu, mimi si babu?" Kosa lile lingemalizwa kwa simu moja kama mtu angeisoma ile tiketi siku tatu kabla.

Sasa tuisome ya mama. HAMISI/FATUMAMRS. Kwanza ondoa wasiwasi mmoja: hilo FATUMAMRS si kosa. Tiketi huandika jina la ukoo, mkwaju (ule mstari wa mshazari, /), majina mengine, kisha cheo hubandikwa mwishoni bila nafasi. MRS ni cheo chake, na kama angekuwa mwanamume ungeona MR. Hata ukija kukuta FATMAKHAMISMRS yameshikana kama gari moshi, usishtuke, mifumo mingi haina nafasi kati ya majina.

Fatuma badala ya Fatma ni herufi moja iliyozidi. Hilo peke yake ningelala usingizi. Mashirika mengi yana kiwango chao cha makosa madogo ya tahajia, mara nyingi hadi herufi tatu, ambayo husahihishwa bure au kwa ada ndogo. Kizito ni kile cha upande wa kushoto wa mkwaju. Jina la ukoo la mama, HAJI, halimo kabisa kwenye tiketi, na nafasi yake imekaliwa na jina la baba, tena kwa tahajia ya bara. Huko si kukosea herufi. Kwa mtu asiyemjua mama, HAMISI na HAJI ni abiria wawili.

Na hapa nakuomba usijilaumu kupita kiasi, maana kisanduku chenyewe hakikutengenezwa kwa ajili yetu. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, yanafuatana kama mnyororo, na hakuna hata moja ambalo kwa asili ni jina la ukoo kama wanavyolielewa Wazungu. Mfumo una visanduku viwili tu. Pasi ikachukua la mwisho ikaliita la ukoo, wakala naye akasikia majina mawili akachukua la mwisho kati ya hayo. Ongeza na tahajia: Athumani na Othman, Saidi na Said, Zainabu na Zainab, Ally na Ali, Mohamedi ndiyo usiseme. Wasukuma huniuliza kuhusu Ng', kama ile alama ya juu ipo kwenye tiketi. Haipo, na kwenye mistari ya chini ya pasi haipo pia, herufi hufuatana tu, kwa hiyo hiyo haina tatizo. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wana jina la katikati wanaloliita postnom, lililoenea baada ya Mobutu kukataza majina ya Kizungu mwaka 1972, na wakala asiyewajua hulisahau. Rwanda na Burundi kwa desturi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, basi kijana akimkatia baba yake tiketi, wakala huandika jina la kijana akidhani ndilo la familia. Na mabibi harusi! Pasi ina jina la baba, tiketi ya fungate imekatwa kwa jina la mume kwa mapenzi tu. Wote hao nimewaona wakisimama pembeni ya foleni yangu.

Dawa ya wote ni moja. Tiketi hufuata pasi aliyonayo msafiri mkononi siku hiyo, herufi kwa herufi, hata kama pasi yenyewe haimwiti mtu kama anavyoitwa nyumbani.

Ndiyo maana shauri la shemeji yako lirudishe kwa heshima. Pasi mpya ni shilingi 150,000, lakini hela si hoja kubwa. Jina la kwenye pasi linatokana na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa, kwa hiyo ungelazimika kuanza kubadilisha huko kwanza, nako si kazi ya siku kumi na moja. Na viza ya mama imetolewa kwa namba ya pasi hii. Pasi ikibadilika, na viza nayo inabaki na namba ya pasi ambayo haitumiki tena. Mngeharibu vitu viwili vilivyo sawa ili kuokoa kimoja kilichokosewa.

Kiapo cha kaka yako kina kazi yake benki, kwenye mirathi, kwenye vyeti vya shule. Kaunta hakina pa kuingizwa. Mhudumu hana kisanduku cha kuandika kwamba wakili fulani wa Dar es Salaam amethibitisha, na afisa wa uhamiaji Muscat hatasoma karatasi hiyo wakati pasi na viza viko mbele yake. Mwambie aihifadhi hela ya wakili, huenda ikahitajika kwa ada ya kusahihisha tiketi.

Sasa kuhusu wakala. Alikwambia kubadili jina haiwezekani, na katika hilo yuko sahihi kwa maneno uliyotumia. Tiketi ya ndege haihamishwi kwa mtu mwingine, na ukisema "kubadili jina" wao husikia kwamba mama hasafiri tena na unataka kumpa mtu mwingine kiti chake. Usiliseme tena neno hilo. Sema kusahihisha jina la abiria yuleyule lilingane na pasi. Umempa tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasi sahihi. Kama aliziingiza kwenye buking, huo ni ushahidi wa wazi kwamba mtu ni mmoja na lililokosewa ni jina tu.

Kesho asubuhi nenda ofisini kwake mwenyewe, usipige simu. Beba pasi halisi na viza. Mwandikie pia ujumbe wa maandishi siku hiyohiyo, mfupi: tiketi namba fulani, imeandikwa hivi, pasi inasema jina la ukoo HAJI, majina mengine FATMA KHAMIS, naomba isahihishwe. Weka na picha ya ukurasa wa pasi, mistari miwili ya chini ionekane yote bila kivuli cha kidole. Picha hiyo mtumie yeye peke yake, usiitupe kwenye grupu la familia. Pasi ya mtu si picha ya harusi.

Na yote matatu yaingie, si HAJI na FATMA tu. Mashirika mengi hayajali jina la katikati likikosekana, lakini kwa kuwa tiketi inaguswa, iguswe mara moja. Zipo nchi zinazoangalia sana hesabu ya majina. Novemba 2022 Falme za Kiarabu zilitangaza kwamba hazimpokei mwenye viza ya matembezi ambaye pasi yake ina jina moja tu. Kwa mama hilo halipo, ana matatu, basi yaandikwe matatu.

Wakala akisita, angalia namba ya tiketi yenyewe. Ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinakuonyesha tiketi ni ya shirika gani: 176 ni Emirates, 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways, na kila shirika lina yake. Hilo ndilo lenye kauli juu ya tiketi nzima, hata kile kipande cha pili mnachorushwa na shirika lingine. Na kwa sababu mashirika ni mawili, sahihisho lenu litachukua muda kuliko la ndege moja, maana huwa haitoshi kurekebisha upande mmoja. Mara nyingi inabidi tiketi itolewe upya. Mpe wakala siku mbili za kazi. Zikipita bila jibu la maandishi, nenda moja kwa moja ofisi ya shirika lenye tiketi, katikati ya jiji au Terminal 3 pale uwanja wa Julius Nyerere, ukiwa na zile karatasi na ujumbe uliomwandikia. Wanaweza kukuambia urudi kwa wakala, kwa sababu tiketi iliyokatwa na wakala kwa kawaida hurekebishwa na wakala. Usiondoke mikono mitupu. Omba waandike kwenye buking kwamba wanaruhusu sahihisho, kisha umrudie wakala na ruhusa hiyo. Mara nyingi kinachomfunga wakala ni ruhusa tu.

Nani alipe? Nitakuambia ninavyoona, na wakala akisoma hapa asinichukie. Wewe una kosa la kutosoma tiketi siku ileile. Siku ya kukatwa tiketi, wakala kwa kawaida anaweza kuifuta kabla ya saa sita usiku na kukata nyingine bila hasara, na nafasi hiyo imepita. Lakini kazi ya kujua kwamba tiketi hufuata pasi ni ya wakala. Wewe unauza madera, yeye anauza tiketi. Wakala anayeijua kazi yake hapokei jina kwa sauti, anakwambia nitumie picha ya pasi au sikati. Mimi ningemwomba kwa upole aachie ada ya ofisi yake mwenyewe, nanyi mlipe ile inayotozwa na shirika kama ipo. Akubali akuandikie mchanganuo: shirika kiasi gani, yeye kiasi gani. Wengi wakiombwa mchanganuo hesabu hupungua.

Ikitokea shirika limekataa kata kata, ndipo mzungumzie tiketi nyingine, na hapo fanyeni mambo mawili kabla ya kutoa shilingi. Ya zamani ifutwe rasmi kabla ya siku ya safari, maana abiria asipotokea uwanjani hupoteza na ya kurudi pia. Kisha uliza kodi na tozo za uwanja. Hata tiketi isiyorudishiwa nauli, kodi za safari ambayo haikufanyika mara nyingi hurudishwa, ila ni lazima uombe, hazirudi zenyewe.

Na mama umwambie usiku huu. Kwanza pasi yake utaihitaji asubuhi, na hutaweza kuichukua kwa siri wakati analipanga sanduku lile kila siku. Pili, yeye ndiye atakayesimama pale mbele, hajawahi kusimama, na afisa akimwuliza "jina?" akajibu Fatuma Hamisi, atakuwa hajakosea kitu lakini atamchanganya mtu aliyeshika pasi ya Fatma Khamis Haji. Usimwambie kwamba jina lake lina kosa, maana halina, na nadhani ndicho alichokisikia ulipomdokeza. Mwambie kwamba wewe ulimpa wakala jina la Mbagala, na safari inafanywa na jina la Wete. Atakuelewa. Jina hilo alipewa na wazazi wake, sisi wa bara ndio tulioliongezea herufi na kulipunguzia K, naye kwa uungwana wake akatuachia miaka yote hiyo. Mwombe akusomee pasi yake kwa sauti, yote mpaka HAJI, mara mbili tatu. Na Muscat atakapotajwa kwa Fatma Khamis hatashangaa, ndivyo wanavyotamka kule.

Ukiwa kwa wakala, mwombe kitu kimoja zaidi ambacho hakina gharama kwenye mashirika mengi: aandikishe kwamba abiria ni mama mtu mzima, safari yake ya kwanza, hazungumzi Kiingereza, anahitaji mtu wa kumwongoza pale pa kubadilisha ndege. Aweke na Kiarabu kama anakijua, ili wampe wa kuzungumza naye. Na siku ya safari, kaunta ya Dar es Salaam wampe boding pasi zote mbili, na sanduku liandikwe hadi Muscat, asilazimike kulitafuta katikati.

Wakala atakapokuambia "tayari", muulize swali hili kwa maneno haya: tiketi imetolewa upya, au mmeandika maelezo tu kwenye buking? Maelezo ni mstari mdogo wa kumwambia mhudumu kwamba jina halisi ni hili. Kwa Fatuma na Fatma shirika linaweza kuridhika nayo. Kwa HAMISI na HAJI usiyakubali, kwa sababu mhudumu wa ndege ya pili huenda asiyaone kabisa.

Kisha usimwamini, angalia mwenyewe. Fungua tovuti ya shirika la kwanza, pale pa kusimamia safari, uingize ile namba ya buking yenye herufi na tarakimu, jumla sita, na kwenye jina la ukoo uandike HAJI. Ikifunguka, imeingia. Ikikataa, jaribu HAMISI. Ikifunguka kwa HAMISI, hakuna kilichofanyika, rudi ofisini kwake siku hiyohiyo. Mwombe pia namba ya buking ya shirika la pili, kwa kawaida huwa tofauti na ya kwanza, ukaijaribu kwenye tovuti yao vilevile. Zote mbili zikifunguka kwa HAJI, ndipo uchapishe tiketi mpya, uitoe ile ya zamani kwenye faili na uichane, mama asije akaishika kwa bahati mbaya pale kaunta.